Kimeng'enya Gani Kimezuiwa? Vizuizi vya Protiesi na Kifo cha Seli za Saratani ya Damu

Mtahiniwa, mada hii inaunganisha mambo matatu uliyoyasoma kwa nyakati tofauti: vimeng'enya, mgawanyiko wa seli, na virusi vya UKIMWI (VVU). Watahiniwa wengi wanayajua yote matatu yakiwa peke yake, lakini swali likiyachanganya wanakwama, na wengi hukwama mahali pamoja. Wanaandika kwamba "kizuizi cha protiesi huua seli ya saratani", kisha wanaweka nukta na kwenda swali linalofuata. Jibu hilo halijakamilika, na mara nyingine si kweli kabisa. Ipo protiesi ambayo ukiizuia, seli inakufa. Ipo nyingine ambayo ukiizuia, seli iliyokuwa inakufa inanusurika. Kwa hiyo kila unapokutana na neno kizuizi, jiulize maswali mawili: ni kimeng'enya gani kimezuiwa, na kilikuwa kinakata nini?

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza kazi ya protiesi na ya kizuizi chake;
(b) kutofautisha kifo cha seli kilichopangwa na kifo cha ajali;
(c) kueleza kwa nini seli ya saratani ya damu haifi inapopaswa kufa;
(d) kulinganisha matokeo ya kuzuia protiesi za aina tatu.

1. Protiesi na kizuizi chake

Protiesi ni kimeng'enya kinachokata protini. Mbili kati yake unazijua tangu ulipojifunza mmeng'enyo wa chakula: pepsini inayofanya kazi tumboni, na tripsini inayotoka kwenye kongosho na kufanya kazi katika utumbo mwembamba. Kila protiesi ina eneo tendaji, yaani mahali ambapo protini huingia na kukatwa. Umbo la eneo hilo hulingana na protini inayokatwa, kama kufuli na ufunguo wake.

Kizuizi cha protiesi ni molekuli inayoingia katika eneo tendaji na kulikalia, au inayokifunga kimeng'enya ili kisifanye kazi. Ni kama ufunguo usiofungua uliokwama ndani ya kufuli: hata ufunguo sahihi ukiletwa, hauna pa kuingia.

Mfano wa kwanza uko jikoni. Dengu mbichi, ambazo mkoa wa Shinyanga unalima kwa wingi, zina protini zinazozuia tripsini. Soya mbichi, kunde na maharage ni vilevile. Mmea hutumia protini hizo kujilinda dhidi ya wadudu wanaokula mbegu zake. Unapochemsha dengu hadi zikaiva, joto huharibu umbo la vizuizi hivyo, na tripsini yako inabaki huru kufanya kazi. Ndiyo sababu mbegu jamii ya kunde humeng'enywa vizuri zaidi zikiwa zimepikwa. Kumbuka mfano huu mtihanini, kwa kuwa unaeleza kizuizi cha kimeng'enya na athari ya joto kwa pamoja.

2. Kifo cha seli kilichopangwa

Seli hufa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kifo cha ajali: seli imeungua, imekosa oksijeni au imepata sumu. Inavimba, inapasuka na kumwaga vilivyomo, na tishu zilizo jirani zinapata uvimbe na maumivu. Ya pili ni kifo kilichopangwa, ambacho wanasayansi wanakiita apoptosisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie. Hapa seli inajimaliza yenyewe kwa utaratibu: inasinyaa, kiini kinagawanyika vipande, kisha seli nzima inakatika kuwa vifuko vidogo ambavyo seli za ulinzi huvimeza bila kuleta madhara.

Kwa aliyekulia Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, tofauti hii ni rahisi kuiona. Duara linaweza kutitia ghafla na kufukia kila kilichomo. Duara lingine linafungwa kwa mpango: vifaa vinapandishwa juu, matimba yanatolewa moja baada ya jingine, na shimo linafukiwa. Yote mawili yamefikia mwisho, lakini la pili halikumdhuru jirani.

Kifo kilichopangwa si ugonjwa. Mkia wa kiluwiluwi hupotea kwa njia hii anapogeuka kuwa chura. Vidole vyako vilitengana tumboni mwa mama kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilikufa kwa mpango. Katika mnyoo mdogo wa milimita 1 aitwaye Caenorhabditis elegans, seli 1,090 za mwili hutengenezwa wakati wa ukuaji, na 131 kati yake hufa kwa utaratibu uleule kila mara, zikabaki 959. Brenner, Horvitz na Sulston walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa uchunguzi uliojengwa juu ya mnyoo huyo.

Kazi ya kuivunja seli hufanywa na protiesi za kundi liitwalo kaspesi. Kila seli inazo muda wote, lakini zimelala. Hatua zinazoziamsha ni hizi:

(i) Seli inapata ishara ya kifo, kwa mfano DNA yake imeharibika kiasi cha kutorekebishika.
(ii) Utando wa mitokondria unatobolewa, na protini iitwayo sitokromu c inatoka kwenda kwenye saitoplazimu.
(iii) Sitokromu c inasaidia kuamsha kaspesi za mwanzo.
(iv) Kaspesi za mwanzo zinazikata kaspesi za utekelezaji na kuziamsha.
(v) Kaspesi za utekelezaji zinakata protini zinazoshikilia kiini na umbo la seli. Hayo ndiyo matimba ya seli. Yakikatwa, seli inaanguka kwa utaratibu.

Zingatia: kaspesi ni protiesi. Sentensi hii fupi ndiyo itakayokuokoa katika sehemu ya 4.

3. Saratani ya damu: seli inayokataa kufa

Seli za damu hutengenezwa katika uboho wa mifupa. Seli nyekundu moja huishi takribani siku 120, na aina nyingi za seli nyeupe huishi siku chache tu. Ili idadi isizidi wala kupungua, kuzaliwa na kufa lazima kulingane. Saratani ya damu huanza uwiano huo unapovunjika: seli zinagawanyika bila kikomo, hazifi zinapopaswa kufa, au yote mawili kwa pamoja. Makundi yake makuu ni lukemia, limfoma na mayeloma.

Mfano uliochunguzwa sana unatoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kufuatilia watoto waliokuwa na uvimbe wa taya. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Sampuli za uvimbe kutoka Uganda zilipelekwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kwamba wameona ndani ya seli zake virusi vipya, ambavyo sasa vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Ugonjwa huu huonekana zaidi katika ukanda wa Afrika wenye malaria nyingi mwaka mzima, na Kanda ya Ziwa imo katika ukanda huo.

Ndani ya seli ya limfoma ya Burkitt, kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni iitwayo MYC kimehama. Mara nyingi kimeangukia kromosomu namba 14, karibu na jeni ya kutengeneza kingamwili. Jeni ya kingamwili hufanya kazi kwa nguvu katika limfosaiti B. Sasa MYC nayo inalazimishwa kufanya kazi bila kupumzika, na seli inagawanyika bila kupumzika. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 hadi 2.

Jambo la kushangaza ni kwamba MYC inapozidi, huchochea kifo kilichopangwa pia. Seli nyingi za uvimbe huu hufa kweli. Chini ya hadubini, seli kubwa za ulinzi zinazomeza maiti za seli huonekana kama madoa meupe kwenye uwanja mweusi, na wataalamu huufananisha mwonekano huo na anga la usiku lenye nyota. Uvimbe unaendelea kukua kwa sababu seli zilizoweza kukwepa kifo ndizo zinazobaki na kuzaana. Baadhi zimeharibikiwa jeni zinazotoa amri ya kufa. Na virusi vya Epstein-Barr huzisaidia nyingine kuikwepa amri hiyo.

Kwa hiyo kazi ya dawa nyingi za saratani ya damu ni kuilazimisha seli ifuate amri iliyokuwa inaikwepa. Chukua vinkristini, dawa iliyotokana na mmea wa Madagaska na inayotumika kutibu limfoma ya Burkitt. Huharibu nyuzi zinazovuta kromosomu wakati wa mitosisi. Seli inakwama katikati ya mgawanyiko, ishara ya hatari inatolewa, na kaspesi zinaamka.

4. Kuzuia protiesi: matokeo ya aina tatu

(a) Ukizuia kaspesi, seli inanusurika

Seli zina protini za asili zinazozuia kaspesi zisiamke ovyo. Seli nyingi za saratani hutengeneza protini hizo kupita kiasi. Amri ya kufa inafika, lakini watekelezaji wamefungwa mikono. Hapa kizuizi cha protiesi ni rafiki wa saratani, na ni adui wa mgonjwa.

(b) Ukizuia proteasomu, seli ya saratani inakufa

Proteasomu ni mashine yenye umbo la pipa iliyomo ndani ya seli, na ndani ya pipa hilo mna maeneo ya kukata protini. Nayo ni protiesi, ila haikati chochote kinachopita. Hukata protini zilizobandikwa alama ya yubikwitini, yaani zile zilizochakaa, zilizokunjwa vibaya au zilizomaliza kazi yake. Ugunduzi wa mfumo huo wa alama uliwapa Ciechanover, Hershko na Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Sasa fikiria seli ya mayeloma. Hii ni saratani ya seli za plazima, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili kwa wingi. Kiwanda kinachozalisha sana hutoa pia bidhaa mbovu nyingi. Bila proteasomu, seli hiyo ni kama duara ambalo mawe yanapasuliwa usiku na mchana lakini kifusi hakipandishwi juu. Haitachukua muda, njia zote zitaziba.

Dawa iitwayo bortezomibu huzuia proteasomu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kutibu mayeloma. Ndani ya seli hutokea mambo matatu:
(i) protini mbovu zinarundikana, na seli inatoa ishara ya hatari;
(ii) protini zinazochochea kifo, ambazo zilikuwa zikivunjwa haraka na proteasomu, sasa zinabaki na kuongezeka;
(iii) protini inayoshikilia chini mfumo wa kuilinda seli isife haivunjwi tena, kwa hiyo ulinzi huo unadhoofika.

Mwisho wa njia hizo tatu ni mmoja: mitokondria inatobolewa, kaspesi zinaamka, na seli inajimaliza. Tazama vizuri kilichotokea hapa. Tumezuia protiesi moja (proteasomu) ili kuruhusu protiesi nyingine (kaspesi) ifanye kazi. Ukiweza kuandika sentensi hiyo kwa maneno yako, umeielewa mada.

Seli za kawaida nazo zina proteasomu, na ndiyo maana dawa hii ina madhara, mojawapo likiwa ganzi na maumivu ya neva za miguu na mikono. Seli ya mayeloma huathirika zaidi kwa sababu ya wingi wa protini inazozalisha.

(c) Vizuizi vya protiesi ya VVU

VVU vina protiesi yao wenyewe, inayokata protini ndefu ya kirusi kuwa vipande vinavyojenga kirusi kilichokomaa. Dawa kama lopinaviri, atazanaviri na ritonaviri huizuia protiesi hiyo, na virusi vinavyotoka havina uwezo wa kuambukiza seli nyingine. Nchini Tanzania dawa za kundi hili hutumika hasa kwa wagonjwa waliohamishiwa mstari wa pili wa matibabu. Kazi yake ni kufubaza virusi. Hazikutengenezwa kuua seli za saratani.

Hata hivyo watafiti wameona kwamba dawa moja ya kundi hili, nelfinaviri, huvuruga ukunjaji wa protini ndani ya seli za saratani na kuzisukuma kwenye kifo kilichopangwa. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya kuwapa nelfinaviri pamoja na bortezomibu wagonjwa 34 wa mayeloma ambao ugonjwa wao ulikuwa umekuwa sugu kwa dawa za aina ya bortezomibu. Takribani asilimia 65 walipata nafuu iliyopimika. Lakini mtahiniwa makini atauliza: kundi la kulinganisha lilikuwa wapi? Katika utafiti huo halikuwepo. Matokeo kama hayo yanatoa sababu ya kuchunguza zaidi. Hayampi mtu ruhusa ya kumeza dawa za mwenzake.

5. Elimu hii nje ya chumba cha mtihani

Jambo la kwanza ni taya la mtoto. Mtoto akivimba taya, meno yakalegea bila sababu, au tumbo likajaa haraka, nyumbani huweza kusemwa ni jino bovu au ni kurogwa, na wiki zinapita kwa dawa za kusukutua. Wewe sasa unajua uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 hadi 2 unafanya nini ndani ya wiki tatu. Anayejua asikae kimya. Mtoto apelekwe kituo cha afya mapema ili apewe rufaa. Kwa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Rufaa ya Bugando iliyoko Mwanza hutibu saratani. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri, na watoto wengi wanaofikishwa mapema na kumaliza matibabu hupona.

Jambo la pili ni kumwambia daktari dawa zote. Mtu anayeishi na VVU ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata limfoma, kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji dawa za magonjwa yote mawili. Ritonaviri huzuia pia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, ikiwemo vinkristini. Vinkristini isipovunjwa kwa kasi yake ya kawaida hubaki nyingi mwilini na huweza kuharibu neva. Mgonjwa akificha kwamba anatumia dawa za kufubaza VVU kwa kuogopa maneno ya watu, daktari atapanga kipimo cha dawa bila kujua hatari hiyo. Katika miji ya migodi watu hutoka mbali na hufahamiana kidogo, na siri ya namna hii hutunzwa sana. Itunzwe kwa majirani; kwa daktari isemwe. Wala mgonjwa asiache dawa mwenyewe, kwani daktari anaweza kumbadilishia.

6. Swali la mfano na jibu lake

Swali: Chukulia kwamba mwanafunzi wa chuo ana bakuli tatu zenye seli za mayeloma. Bakuli A hakuiongezea kitu. Bakuli B aliiongezea kizuizi cha proteasomu. Bakuli C aliiongezea kizuizi cha proteasomu pamoja na kizuizi cha kaspesi. Baada ya siku moja seli nyingi za B zilikuwa zimekufa, lakini za A na C nyingi zilikuwa hai.
(a) Bakuli A ilikuwa na kazi gani? (alama 2)
(b) Eleza kwa nini seli za B zilikufa. (alama 4)
(c) Matokeo ya C yanathibitisha nini? (alama 4)

Jibu:
(a) Bakuli A ni kidhibiti. Inaonyesha kwamba seli zisingekufa kwa wingi bila kuongezewa kitu, kwa hiyo vifo vya B vimetokana na kizuizi.
(b) Kizuizi kilizuia proteasomu kuvunja protini. Protini mbovu na protini zinazochochea kifo zilirundikana. Mitokondria ikatoa sitokromu c. Kaspesi zikaamka na kukata protini muhimu za seli.
(c) Yanathibitisha kwamba kizuizi cha proteasomu kiliua seli kwa kupitia kaspesi. Kaspesi zilipozuiwa, proteasomu ilikuwa bado imezuiwa, ila hatua ya utekelezaji haikufanyika, na seli nyingi zikanusurika.

Makosa ya kuepuka:
• Kuandika "kizuizi" bila kutaja kimeng'enya kilichozuiwa.
• Kudai kwamba kaspesi ni virusi au dawa. Kaspesi ni protiesi za seli yenyewe.
• Kuchanganya proteasomu na protiesi ya VVU. Ya kwanza ni ya seli. Ya pili ni ya kirusi.
• Kusema kwamba kila kifo cha seli ni kibaya kwa mwili.

Jaribu mwenyewe:
1. Taja tofauti tatu kati ya kifo cha seli kilichopangwa na kifo cha ajali. (alama 6)
2. Eleza kwa nini seli ya mayeloma huathirika na kizuizi cha proteasomu kuliko seli ya ngozi. (alama 4)
3. Rafiki yako anasema, "Dengu mbichi zina vizuizi vya protiesi, kwa hiyo tukizitafuna mbichi hatutapata saratani ya damu." Kwa kutumia maarifa ya vimeng'enya, mweleze makosa mawili yaliyomo katika kauli yake. (alama 6)